Valini ya 523

Faili linaitwa 5KIR. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi unakutana na maelfu ya mistari inayofanana: neno ATOM, namba, jina la atomu, kisha namba tatu zenye desimali zinazoeleza atomu hiyo imekaa wapi. Picha hakuna. Lakini ndani ya mistari hiyo imo protini ya binadamu iitwayo saiklooksijenezi-2, kwa kifupi COX-2, ikiwa na dawa ndani ya mfuko wake, na mahali pa atomu zake pamepimwa kwa miale ya eksirei kwa undani wa angstromu 2.7. Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Dawa yenyewe ni rofekoksibu, iliyoingia sokoni mwaka 1999 kwa jina la Vioxx na kuondolewa Septemba 2004 baada ya kubainika kwamba inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Madukani haipo tena. Kwenye Benki ya Data ya Protini ipo, katika faili hili la mwaka 2016, na yeyote anayetafuta dawa nyingine ya mchochota anaweza kulipakua bure.

Dada ninayemtazama akilisafisha faili hilo ni mzaliwa wa Ngana, wilayani Kyela, si mbali na mto Songwe na mpaka wa Malawi. Jina lake ninamwachia mwenyewe. Alisomea kemia, na sasa yuko nyumbani anaandika tasnifu ya uzamili, kompyuta mpakato ikiwa juu ya meza ya mbao barazani. Kyela ni nchi ya mpunga, mawese na kakao, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka katika bonde hili. Kakao ndiyo iliyompa swali. Punje zake zina epikatekini, katekini, theobromini na molekuli nyingine nyingi ambazo vitabu vinasema huenda zikapunguza mchochota. Je, kati ya hizo, na kati ya zile zilizokwisha kutolewa kwenye mimea mingine ya Afrika Mashariki, na kati ya dawa zilizokwisha kuruhusiwa kwa maradhi mengine, zipi zinastahili kupelekwa maabara? Huwezi kuzijaribu zote. Fedha haitoshi, na umri pia. Kwa hiyo anazichekecha kwanza kwa kompyuta.

Mchochota anaujua kila aliyewahi kuchomwa na mwiba: mahali panakuwa pekundu, panavimba, panapata moto, panauma. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika dalili hizo nne na hakuna aliyempinga mpaka leo. Kilichochukua muda ni kujua dawa zinaingilia wapi. Aspirini iliuzwa tangu 1899, lakini ni mwaka 1971 tu John Vane alipoonyesha kwamba inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na homa. Kwa kazi hiyo alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 1982. Baadaye ikajulikana kwamba vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini ni viwili. COX-1 hufanya kazi kila siku, pamoja na kulinda utando wa tumbo. COX-2 huongezeka pale penye mchochota. Diklofenaki na ibuprofeni huzigusa zote mbili, ndiyo maana anayezimeza kwa muda mrefu huweza kuambulia vidonda vya tumbo.

Tofauti ya mifuko ya vimeng'enya hivi ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Katika nafasi ya 523 ya mnyororo wa asidi amino, COX-1 ina isolusini na COX-2 ina valini. Isolusini ina kaboni moja zaidi. Kaboni hiyo moja inaziba kichumba cha pembeni ambacho katika COX-2 kiko wazi, na humo ndimo dawa kama rofekoksibu na selekoksibu hupenyeza sehemu ya mwili wao. Dada ameipaka valini hiyo rangi ya machungwa kwenye skrini. Kila anapozungusha protini, macho yake huitafuta kwanza.

Kusafisha ni kazi ya asubuhi nzima. COX-2 huishi ikiwa jozi, na faili lina minyororo miwili, anabakiza mmoja. Anaondoa molekuli za maji, lakini si kwa kufagia: anaipitia kila moja kuona kama imeshikilia kitu ukutani mwa mfuko au ilikuwa inapita tu. Anaondoa sukari zilizoshikamana na protini upande wa nje. Kisha anaongeza hidrojeni, maana eksirei kwa undani huo haizioni, na bila hidrojeni huwezi kujua nani anaweza kumshika nani. Nyingi huwekwa na programu bila ubishi. Histidini ndizo zinazomsimamisha. Histidini inaweza kubeba hidrojeni upande huu, au upande ule, au pande zote mbili, na programu hukisia. Yeye hakubali kukisiwa. Anaisogelea moja baada ya nyingine, anatazama jirani zake, anauliza nani anatoa hidrojeni na nani anapokea, anaandika uamuzi kwenye daftari la karatasi lenye mistari, pamoja na sababu. Nilimwuliza kama histidini iliyo mbali kabisa na mfuko ina maana yoyote. "Haina, kaka," alisema, akaiandika hata hivyo.

Upande wa pili wa kazi ni molekuli zenyewe. Hapa hana haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha hazina ya data ya bidhaa asilia za Afrika Mashariki yenye molekuli 1,870 kutoka aina 300 hivi za viumbe, zilizokusanywa kutoka makala za kisayansi za miongo mingi. Nyuma ya kila mstari wa hazina hiyo yuko mtu aliyebeba magome, akayakausha, akayaloweka, akatenganisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na wakemia wa kazi hiyo, akiwemo Profesa Mayunga Nkunya aliyeshughulika na mimea ya jamii ya mtopetope. Chuo Kikuu cha Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza 1974 kama kitengo cha utafiti. Na Mkenya John Kokwaro alitoa mwaka 1976 kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambacho bado kinafunguliwa kila mtu anapotaka kujua wazee walitumia nini kwa viungo vinavyouma. Orodha ya dada inaanza na hao.

Kila molekuli huandikwa kwa mstari mmoja wa herufi, kwa mtindo wa SMILES aliobuni David Weininger miaka ya 1980. Theobromini ya kakao ni CN1C=NC2=C1C(=O)NC(=O)N2C. Ukiiongezea kaboni moja mahali panapofaa unapata kafeini. Epikatekini na katekini zina atomu zilezile, zimeungana kwa mpangilio uleule, na uzito wao ni mmoja, 290. Tofauti ni kwamba kwenye kaboni moja kikundi cha OH kinatazama upande mwingine. Kwenye mstari wa herufi tofauti hiyo ni alama ya @ moja badala ya mbili. Ukikosea kuinakili, kompyuta haitalalamika. Itaipachika katekini kwa jina la epikatekini na kukupa jibu safi la swali ambalo hukuuliza. Kwa hiyo anazisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, kama mwanafunzi wa chuo anayedurusu juzuu. Anapofika kwenye @ hutua.

Baada ya hapo kila mstari hugeuzwa kuwa umbo la pande tatu, hupewa chaji inayolingana na damu, yaani pH ya 7.4, na bondi zinazoweza kujizungusha huachwa huru. Theobromini ni bapa na ngumu, haina pa kujipinda. Prosayanidini B2, ambayo ni epikatekini mbili zilizounganishwa, inageuka huku na huku. Uzito wake ni 578. Kanuni aliyoitoa Christopher Lipinski mwaka 1997 inatahadharisha kwamba molekuli inayozidi 500, au yenye vikundi zaidi ya vitano vinavyotoa hidrojeni, mara nyingi haifyonzwi vizuri ikimezwa. Prosayanidini B2 inavunja vigezo vyote viwili. Hakuifuta. Aliitia alama ya penseli tu, kwa kuwa kanuni hiyo iliandikwa kwa kutazama dawa za viwandani, na mimea haikuisoma.

Sasa mtu angetegemea abonyeze kitufe kazi ianze. Hakubonyeza. Kwanza aliitoa rofekoksibu ndani ya mfuko wake, akaisahaulisha mkao wake, akaiambia programu iirudishe. Programu ni AutoDock Vina, iliyotolewa 2010 na Oleg Trott na Arthur Olson wa Taasisi ya Scripps, Marekani. Unaichorea sanduku kuzunguka mfuko, angstromu ishirini na kitu kila upande. Nayo hujaribu mikao mingi ndani ya sanduku hilo, ikihesabu nani amegusana na nani, na mwisho hukupa mikao tisa pamoja na alama zake. Sanduku likiwa dogo molekuli kubwa zinabanwa isivyo haki. Likiwa kubwa, programu inapoteza muda ikipachika vitu ukutani kwa nje. Mkao uliorudi akaulinganisha na ule uliopimwa kwa eksirei. Kipimo kinachokubalika ni tofauti isiyozidi angstromu mbili. Mara ya kwanza ilizidi. Akarudi kwenye daftari, akakuta sanduku limekaa upande mno, akalisogeza, akarudia. Ilipokubali alirudia tena kwa kuanzia namba nyingine ya bahati nasibu, ahakikishe haikuwa sadfa.

Mtihani wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Kuna mkusanyo uitwao DUD-E, wa mwaka 2012, wenye protini 102, COX-2 ikiwemo. Kila protini ina molekuli zinazojulikana kuizuia, na kwa kila mojawapo ya hizo kuna takriban hamsini nyingine za kughushi: uzito unaokaribiana, chaji zinazofanana, lakini umbo tofauti. Alizichanganya, akaificha orodha ya majibu, akaiachia Vina izipange. Zile za kweli zikipanda juu, chombo kinafaa kwa kazi hii. Zikitawanyika ovyo, hakuna haja ya kuendelea. Zilipanda, si zote, za kutosha. Makala za kupachika molekuli kwenye kompyuta ni nyingi mno siku hizi, na ukizisoma utashangaa ni ngapi zinaruka mtihani huu, zikaenda moja kwa moja kwenye alama na picha za rangi. Mimi tangu siku ile nikiona makala isiyo na mtihani wa namna hii huifunga.

Ndipo akabonyeza. Molekuli moja huchukua dakika moja au mbili kwenye kompyuta yake. Kwa dakika mbili mbili, zile 1,870 peke yake ni zaidi ya saa 62, mbali na dawa za kulinganishia. Joto la bondeni linajulikana, na feni ya kompyuta ilivuma usiku kucha juu ya kipande cha ubao alichokitoboa matundu. Umeme ulikatika, kama ilivyotarajiwa. Alikuwa ameandika amri zake kwa namna kwamba kila molekuli ikimalizika inahifadhiwa peke yake, na mashine ikizimika inaanza pale ilipoachia. Kwa hiyo umeme ulipokatika yeye alikwenda kulala.

Mjomba wake, mkulima wa kakao, alipita alfajiri kabla ya kwenda shamba. Dada alimwamkia shikamoo bila kuacha kutazama skrini, jambo ambalo mjomba alilisamehe.

"Marahaba. Hiyo mashine imepata dawa?"

"Bado, mjomba. Imepanga foleni tu."

Jibu hilo lilikuwa sahihi kuliko vichwa vingi vya habari. Alama za Vina huandikwa kwa kilokalori kwa moli, na kadiri inavyozidi kuwa hasi ndivyo mshiko unavyokisiwa kuwa imara. Lakini waliotengeneza programu wenyewe waliripoti kwamba makosa yake ya kawaida ni kama kilokalori 2.85. Molekuli mbili zikipishana nusu kilokalori, hakuna iliyoshinda. Dada anazigawa kwa mafungu mapana, juu, katikati, chini, na kisha anaanza sehemu ambayo mimi ningeitazama hata bila kuelewa lolote: anazifungua moja moja kwa jicho.

Ya kwanza kwenye foleni aliifuta ndani ya dakika chache. Nilipinga kidogo, nikasema ndiyo yenye alama kubwa kuliko zote. "Izungushe mwenyewe, kaka," alisema, akanisogezea kipanya. Nikaizungusha. Nusu ya molekuli ilikuwa inaning'inia nje ya mlango wa mfuko. Ilikuwa kubwa, na kwa kuwa kubwa ilikuwa imegusa vitu vingi, na kila mguso uliongeza alama kidogo. Iliyofuata iliingia ndani vizuri, lakini kikundi chake cha OH kilikuwa kimeelekea ukuta wa mafuta mafuta, hakina wa kushikana naye. OH haikai hivyo kwa hiari. Huwa inashikana na maji, na kuyaacha maji hayo bila kupata mwingine ni hasara ambayo programu huihesabu kwa upole mno. Ikafutwa, sababu ikaandikwa. Prosayanidini B2 haikuingia kabisa. Epikatekini iliingia, ikaegemea karibu na serini ya 530, ileile ambayo aspirini huibandika kikundi cha asetili. Dada hakusema neno. Aliikuza, akapima umbali wa bondi za hidrojeni, akatazama upande wa valini. Kichumba cha pembeni kilikuwa kitupu. Maana yake ni kwamba, hata kama epikatekini inashika, hakuna sababu ya kudhani itaibagua COX-1. Akaandika hivyo.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliandaa upya epikatekini, lakini safari hii ikiwa na salfati, na nyingine ikiwa na asidi ya glukuroniki. Anayekula kakao hapati epikatekini tupu kwenye damu kwa kiasi kikubwa. Utumbo na ini huibandika vikundi hivyo upesi. Kinachofika kwenye goti linalouma ni kitu kingine, kikubwa zaidi na chenye chaji. Kupachika epikatekini tupu na kuishia hapo ni kujibu swali la bakuli la maabara, si la mwili. Molekuli zilizobandikwa zilikaa vibaya mfukoni. Aliziweka kwenye jedwali pamoja na nyingine, hakuzificha chini.

Kuna molekuli zinazompendeza kila mtu na yeye anazipita kwa tahadhari. Kurkumini ya manjano ni mojawapo. Hushika karibu kila protini inayojaribiwa nayo, na mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake walieleza kwa kirefu kwa nini: haidumu, hujibadilisha, huvuruga vipimo, na majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu hayakuzaa dawa. Katika daftari la dada kurkumini ina mstari wake, na mbele yake ameandika neno moja: "Hapana." Dawa za zamani kwa upande mwingine huzipa nafasi. Februari 2020 watafiti wa BenevolentAI ya London walitumia kompyuta kupendekeza kwamba barisitinibu, dawa ya baridi yabisi, ijaribiwe kwa wagonjwa wa Uviko-19. Majaribio yakafanyika, na Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wagonjwa wenye hali mbaya au mahututi. Katikati ya pendekezo la kompyuta na lile la Shirika kulikuwa na maelfu ya wagonjwa waliokubali kujaribiwa. Sehemu hiyo husahaulika.

Zilizobaki juu ya jedwali zilikuwa chache, na bado hakuziamini. Vina huichukulia protini kama imeganda. Protini hai hutikisika. Ili kuona kama molekuli itabaki mfukoni kuta zikicheza, inabidi kuiga mwendo wa atomu zote pamoja na maji yanayozizunguka, kwa hatua za femtosekunde mbili mbili. Nanosekunde 100 za mwendo huo ni hatua milioni 50. Kompyuta ya barazani haiwezi. Watafiti wa Afrika huweza kuomba muda kwenye mashine kubwa ya Lengau iliyoko Cape Town, iliyozinduliwa 2016, na dada alikuwa ameshajaza fomu. Akisubiri majibu, aliandaa mafaili yote ya kutuma, akayajaribu kwa hatua elfu chache kwenye mashine yake ili yasije yakakwama huko kwa kosa la koma.

Wakati huohuo alianza kufikiria maabara, ambako kimeng'enya halisi kitawekwa kwenye kichupa na molekuli halisi, COX-1 pembeni ya COX-2. Alitaka pia dondoo la kakao ya Kyela yenyewe. Tatizo ni kwamba kakao inayouzwa huvundikwa kwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa, ndipo ladha ya chokoleti inapoanza, na katika kuvundikwa huko epikatekini nyingi hupotea. Kwa hiyo alihitaji punje za aina mbili kutoka shamba moja na mavuno yaleyale, zilizovundikwa na zisizovundikwa, zilizoanikwa kwenye kichanja kimoja. Alimweleza mjomba jioni, taratibu, kwa Kinyakyusa na Kiswahili, kwa nini anataka kilo kadhaa zitengwe kabla ya kuvundikwa. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kilo zipi na za lini, kisha akataka kujua kama hizo mbichi zitalipwa bei ya mbichi au ya iliyovundikwa.

"Ya iliyovundikwa, mjomba," alisema dada, akaiandika bei kwenye daftari, chini ya histidini.